Zawadi ya Bahati Nasibu ya Marlys

Benchi letu liko mbele ya duka la chakula cha mifugo, chini kabisa ya dirisha, na kahawa tunajimiminia wenyewe kule ndani, pembeni ya mifuko ya chumvi ya ng'ombe. Siku nyingine tungebishana kuhusu mvua na besiboli. Jumanne ile hatukuwa na hamu. Ijumaa kijana mmoja aliingia na bunduki kwenye supamaketi ya Hollis, maili kumi na mbili kutoka hapa, akaua watu sita, na risasi moja ikamvunja nyonga Marlys wetu, keshia, ambaye nimepeleka barua kwao tangu hajajua kusoma. Basi tukafanya kile tunachofanya hapa mtu akipatwa na janga: bahati nasibu ya kumchangia matibabu. Jumamosi asubuhi tangazo lilikuwa tayari dirishani, juu ya vichwa vyetu. Zawadi ikawa ileile ya siku zote, tuliyoitoa paa la kituo cha zimamoto lilipovuja na mke wa mchungaji alipougua saratani: bunduki mpya ya kuwindia kulungu, pamoja na boksi la risasi. Hatukuijadili hata dakika moja. Tangazo nililiandika mimi, wanayeniita Posta, kwa kalamu nyekundu.

Tulikuwa wanne. Shemasi alishika kitabu cha tiketi, maana kanisani ndiye mshika sadaka. Dizeli, dereva wa lori mstaafu, mwili wake unakula nusu ya benchi. Wa nne ni Twila, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki.

REDIO: Nusu saa, jamani! Nusu saa kabla, nilikuwa kwenye foleni ya Marlys. Kanifungia maziwa, kaniuliza goti linaendeleaje. Yale maziwa yako kwenye friji mpaka leo, siwezi kuyafungua.

DIZELI: Yatachacha.

REDIO: Na yachache!

DIZELI: Mimi toka Ijumaa sijalala. Nikifumba macho naona vile vitoroli vimesimama vyenyewe, na vitu vya watu ndani.

SHEMASI: Shida ni moja tu. Mle ndani hakuna aliyekuwa na silaha. Wangempa kila keshia bastola chini ya mashine, tungekuwa tunaongea mengine saa hizi.

REDIO: Marlys? Marlys huyu anayelia akikanyaga chura?

SHEMASI: Anafundishwa.

REDIO: Akipiga, anampiga muuza nyama! Acha zako, Shemasi. Zile bunduki za kijeshi zipigwe marufuku, basi.

DIZELI: Ehee, hapo sasa. Wakianza na zile, mwakani wako mlangoni kwangu wanataka ya kulungu. Na Katiba inayonipa haki ya kumiliki bunduki utaiweka wapi?

REDIO: Katiba umeisoma lini wewe? Hata dawa ya kikohozi unasomewa na mkeo.

Mtu mmoja mwenye trekta alisimama, akanunua tiketi tano bila kuzima injini. Shemasi alizichana, mimi nikaandika jina lake. Alitazama tangazo dirishani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

DIZELI: Mimi nasema mlango. Supamaketi ina milango minne, ya nini? Uwe mmoja. Na tena watu wasiingie kabisa. Unasimama nje, unataja unachotaka, unapitishiwa kwenye tundu.

REDIO: Na matikiti maji?

DIZELI: Tundu kubwa.

POSTA: Tundu la kupitisha tikiti maji, hata bunduki inapita, mzee.

SHEMASI: Basi mbwa. Wapo mbwa wananusa ugonjwa kabla daktari hajajua. Hasira nayo ni ugonjwa. Weka mbwa mlangoni, anuse hasira.

DIZELI: Mbwa wako wewe alishindwa kumnusa mbweha ndani ya banda lako mwenyewe!

REDIO: Nisikilizeni mimi. Risasi ziuzwe famasi. Cheti cha daktari, moja kutwa mara tatu.

Alianza kucheka, kicheko kikamgeuka kilio katikati. Akaficha uso kwenye leso. Dizeli alimwekea mgongoni lile kono lake. Nilikuwa nimekasirika sana, na sikujua nimkasirikie nani.

SHEMASI: Tiketi zinaisha, lakini. Watu wana moyo.

DIZELI: Hawa watu wetu, we waache tu.

Ndipo pikapu ikasimama, akashuka Bi Orpha, mama yake Marlys. Nguo zilikuwa zile za Ijumaa. Siku nne zilizopita alikuwa mama mnene mchangamfu. Aliyeshuka pale alikuwa ameshikilia mlango wa gari kama anajifunza kutembea.

BI ORPHA: Sikai. Narudi hospitali. Nimesema nipite niwashukuru kwa mdomo wangu.

SHEMASI: Mama, usitushukuru. Marlys ni mtoto wetu.

BI ORPHA: Kaamka leo asubuhi. Nikamwambia, mwanangu, kijiji kizima kinakuchezea bahati nasibu. Kalia weee. Halafu kacheka kidogo, mara ya kwanza. Kaniuliza, "Mama, mshindi anapata nini?" Nikamwambia sijui, nitawauliza wale wazee wa benchini.

Akapapasa mfuko wa sweta, akainua macho kuelekea dirishani, akayafinya.

BI ORPHA: Miwani nimeisahau kitandani kwake. Eti, mshindi anapata nini?

Shemasi alisukuma kitabu cha tiketi chini ya paja. Redio aliinamia kikombe kitupu. Mimi niliyaona yale maandishi yangu mekundu bila hata kugeuka.

BI ORPHA: Au ni siri?

Dizeli akainuka, polepole, akaegemeza mgongo wake kwenye kioo. Upana wake wote haukutosha kuliziba tangazo. Nikainuka nami nikajibana ubavuni kwake, kisha Shemasi, kisha Redio. Tulisimama hivyo wote wanne, bega kwa bega.

Bi Orpha akadhani tumemsimamia kwa heshima. Akatushukuru, mmoja mmoja, kwa majina.