Kaloki Musili, Mkaguzi wa Mahindi, Anaweka Bambo Chini

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bwana Kaloki Musili anastaafu baada ya kulitumikia ghala letu la ushirika hapa Matuu kwa miaka thelathini na mmoja. Tulitaka maneno haya yawe ya furaha tupu. Haikuwezekana, kwa sababu Jumatatu inayofuata ana miadi hospitalini, na hakuna mtu hapa ghalani asiyeifikiria Jumatatu hiyo. Mwenyewe ameyasoma haya yote na kukubali yachapishwe. Alifuta neno moja tu, "shujaa".

Bwana Kaloki alizaliwa Ndithini na kuajiriwa hapa Septemba 1994 kama mbeba magunia. Baada ya miaka minne alikabidhiwa bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha unaochomwa ndani ya gunia ili kuchota punje za kukagua. Alichoma kila gunia juu, katikati na chini, maana wapo wanaoweka mahindi makavu juu na kuficha yenye kuvu chini. Mwaka 2011 alirudisha mkokoteni mzima wa shemeji yake. Shemeji alinuna hadi Krismasi. Kaloki aliendelea kumsalimia kila Jumapili nje ya kanisa, kwa sauti kubwa, ili ajibu mbele ya watu.

Desemba 2023 alihisi uvimbe mdogo, mgumu, nyuma ya chuchu ya kushoto. Haukumuuma. Alijiambia kwamba ni gunia lililomgonga, na hakumwambia mtu. Mkewe Mukai, tunayemwita Mama Ndila, ndiye aliyeona kwamba chuchu imeanza kuvutwa ndani. Alimsumbua mumewe hadi Februari, Kaloki akaenda hospitali.

Daktari alimpapasa kifua na kwapa, akampeleka kupigwa picha, kisha akatoa sindano nene ya kuchukua vipande vya uvimbe. Kaloki alipoiona aliielewa mara moja: lilikuwa bambo. Hapo ndipo hofu ilipomwingia, kwa kuwa alijua bambo likishasema, gunia halibishi. Hata hivyo alimwambia daktari, "Usichome juu peke yake. Choma na chini." Daktari alicheka na kumhakikishia kwamba anachukua sehemu kadhaa.

Siku za kungoja majibu zilikuwa mbaya. Alikuwa akichota punje, anaziweka kiganjani na kuzikodolea macho mpaka mkulima aulize, "Mzee, kwani yameoza?" Sisi tulidhani macho yanamsumbua.

Tarehe 14 Machi 2024 aliambiwa kuwa ni saratani ya matiti. Daktari alimweleza kwamba hata mwanamume ana nyama kidogo ya titi nyuma ya chuchu, na kwamba ni wanaume wachache wanaopata ugonjwa huu, kwa hiyo wengi huja wakiwa wamechelewa. Wake ulikuwa bado haujaenda mbali. Alihitaji kupasuliwa bila kukawia, na matibabu mengine yangefuata. Kaloki alijibu kwamba angengoja msimu wa mahindi upite.

Msimu ulikuwa kisingizio. Alichoogopa ni ile benchi ya kliniki, yeye peke yake katikati ya akina mama, wote wakidhani amemsindikiza mkewe. Na kweli, karani wetu Katunge, aliyekuwa amempeleka dadake huko, aliwaona Kaloki na Mukai wameketi hapo. Aliona mama, akaona baba, akajumlisha. Jioni hiyo ghala zima lilikuwa linamhurumia Mama Ndila. Kaloki alipoulizwa mkewe anaendeleaje, alijibu, "Anaendelea," akarudi kwenye magunia yake.

Akina mama wa ghala walimtembelea Mukai mara ya kwanza na kumwombea. Aliwashukuru bila kuwasahihisha. Jumamosi tarehe 23 Machi walirudi na unga, sukari, leso na kuku mmoja. Katunge alimwekea Mama Ndila mikono kichwani akaomba kwa muda mrefu, huku Kaloki amesimama mlangoni na kofia mkononi. Baada ya amina, Mukai alimgeukia mumewe.

"Baba Ndila, nimeombewa mara mbili na sina ugonjwa. Sema, ama hii kuku irudi kwa wenyewe."

Kaloki akasema, "Ni mimi."

"Wewe nini?" Katunge akauliza.

"Mgonjwa wa matiti ni mimi."

"Wewe, Mzee? Kwani wanaume wako na matiti?"

"Hata mimi nilimuuliza daktari hivyo hivyo."

Wapo waliotaka kucheka na wapo waliotaka kulia, na walioshindwa kuchagua wakafanya yote mawili. Katunge ndiye aliyejikaza kwanza. "Basi tuanze upya," alisema. "Mungu hajaenda mbali." Maombi yakarudiwa, safari hii juu ya kichwa chenye mvi cha Bwana Kaloki, na kuku akachinjwa papo hapo. Jumatatu alimpigia daktari simu akaomba tarehe.

Alipasuliwa tarehe 15 Aprili. Titi la kushoto liliondolewa pamoja na tezi kadhaa za kwapani, na mbili kati ya hizo zilikutwa na saratani. Miezi iliyofuata ilitutisha. Dawa za kemo zilimpukutisha nywele na kuzifanya kucha kuwa nyeusi. Chai, alisema, ilikuwa na ladha ya misumari. Akaenda Nairobi kupigwa mionzi. Mkono wa kushoto ulikataa kuinuka, ikabidi kila siku autembeze ukutani kwa vidole, juu zaidi kidogo. Mpaka leo haubebeshwi mzigo mzito, na manesi wakitaka kumpima presha anawapa wa kulia kabla hawajauliza. Kwa kuwa saratani yake hulishwa na homoni, anameza tembe moja kila asubuhi, na ataimeza kwa miaka. Aliwaita pia dada zake na bintiye Ndila, akawaeleza wakapimwe, kwa sababu ugonjwa huu waweza kutembea katika familia.

Aliporudi kazini Februari mwaka huu, Levi wa upakiaji alimpokea kwa utani. "Mzee wa wamama amerudi!"

"Levi, kuja hapa nikushike kifua, nikuonyeshe mahali yangu ilianzia."

Levi aliruka nyuma na watu wakaangua kicheko. Baadaye kidogo alionekana nyuma ya magunia, mkono ndani ya shati, uso umekunjamana. Hakuna aliyemcheka. Tangu wiki hiyo wanaume watano wa ghala hili wamekwenda kukaguliwa vifua, na Levi ndiye anayechoma magunia huku Kaloki akimsimamia na kumkosoa.

Tungependa kuishia hapo. Lakini tangu Septemba Bwana Kaloki anaumwa mgongo. Daktari amesema huenda ni mgongo wa mtu aliyebeba magunia ujanani, ila hataki kukisia, kwa kuwa saratani ya titi huweza kuhamia mifupani. Tarehe 22 Oktoba alipigwa picha ya mwili, na majibu yatakuwa tayari Jumatatu tarehe 3 Novemba. Siku hizi akichelewa kazini hata dakika chache, tunatazama lango.

Jumanne iliyopita, wakati wa chai, alisimama bila kuitwa na mtu. "Jumatatu naenda kuchukua majibu," alisema. "Mama Ndila anakuja. Na naogopa. Nani mwingine anakuja?"

"Mimi nilishaomba ruhusa," Katunge akajibu.

"Na mimi," Levi akasema. "Lakini Mzee, nitakaa wapi? Kwa hiyo benchi ya wamama?"

"Utakaa hapo katikati kabisa. Wakikuuliza umemleta nani, waambie umemleta mwanaume."

Bwana Kaloki, asante kwa miaka thelathini na mmoja ya chakula kisafi kwenye meza zetu. Asante pia kwa kusema, "Ni mimi." Tunakutakia majibu mema, usingizi mtulivu, na miaka mingi kwenye shamba lako la Ndithini pamoja na Mama Ndila. Majibu yakiwa mengine, hatutayasikia tukiwa mbali. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tutakuwa stendi, na tumeshakuwa tisa.