Sista Dakika na Saini ya Pili

Marehemu, ambaye wodi nzima ya watoto ilimwita Sista Dakika, alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, mtoto wa nne wa karani wa posta na mama mshonaji. Bibi aliyempokea alisema mtoto alitoka amekunja uso, kama mtu aliyekuta foleni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 na kumaliza sekondari mwaka 1974. Darasa la sita alikuwa kiranja. Siku moja aliandika majina ya wapiga kelele, na jina la tatu lilikuwa lake. Mwalimu alipomuuliza, akajibu, "Na mimi nilicheka, mwalimu." Aliadhibiwa pamoja na wenzake, na wenzake wakaudhika zaidi, maana hata kumsengenya sasa ilikuwa kazi.

Mwaka 1978 alihitimu uuguzi, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika chumba cha dharura cha watoto. Aliolewa mwaka 1981 na fundi redio. Mzee wetu husimulia hivi: "Nilimwandikia barua tatu. Moja ilirudi imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Nikajua hapa nimefika."

Jina la Dakika alilipata kwa sababu ya degedege. Mtoto akiletwa anatetemeka, wengine waliuliza jina na kadi. Yeye aliuliza, "Imeanza dakika ngapi zilizopita?" Alijua kwamba kifafa kikimshika mtoto zaidi ya dakika tano, hakiachii chenyewe kwa urahisi, na kila dakika inayopita bila dawa inaweza kuondoka na kitu.

Dawa yenyewe ilifungiwa kabatini, kwa kuwa ni ya kudhibitiwa. Mwaka 1995 chupa mbili zilipotea, na marehemu, kwa bidii yake yote, akapendekeza kanuni: kabati lisifunguliwe bila saini za wauguzi wakuu wawili. Uongozi ulimpongeza. Uongozi hupenda sana kanuni inayoongeza saini.

Jumanne tarehe 14 Mei 1996, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mama mmoja aliingia mbio, amembeba binti yake wa miaka minne. Viatu alikuwa ameviacha njiani.

"Dakika ngapi, mama?"

"Nane, sista. Niliangalia saa."

Marehemu alisema baadaye kwamba katika miaka yote ya kazi yake hakupata jibu zuri kama lile. Daktari akaagiza diazepamu, ile dawa ya kabatini, papo hapo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa marehemu. Muuguzi mkuu wa pili alikuwa ghorofa ya juu, kwenye mkutano wa kuharakisha huduma za dharura. Mhudumu alitumwa kumwita, akaambiwa asubiri mjumbe amalize hoja yake.

"Fungua tu, sista," daktari akamwambia.

"Saini, daktari. Sasa hivi anashuka."

Alisimama mbele ya kabati, ufunguo mkononi, dakika kumi na tisa. Mtoto alipona, tukiazima neno la faili. Aliondoka hospitalini bila kusema na bila kutembea.

Kamati iliundwa. Ilikutana mara sita, ikanywa chai, ikaandika: "Mgonjwa alicheleweshwa nyumbani." Ripoti hiyo ilipata saini saba kabla ya chakula cha mchana. Ya nne ilikuwa ya marehemu. Alikuwa na watoto watatu shuleni na aliogopa kufukuzwa kazi. Tunalisema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alilisema hivyo, wala hakutafuta neno laini zaidi.

Mama yule alisomewa ripoti akiwa amesimama. Akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Mwezi uliofuata marehemu aliifuta kanuni yake. Dawa ikawekwa kwenye kisanduku chenye lakiri kando ya kitanda cha dharura: unavunja, unampa mtoto, ndipo unasaini. Wazazi wa watoto wenye kifafa aliwafundisha kuhesabu dakika, kumlaza mtoto ubavu, kutomtia kijiko mdomoni, na, kwa waliopewa dawa ya nyumbani, kuitumia ikifika dakika ya tano. Kwa kazi hiyo alipewa cheti. Alikihifadhi chini ya kabati la vyombo, lililokuwa likiyumba.

Alistaafu mwaka 2011, akaenda kumtafuta yule mama. Nyumba ilikuwa na wapangaji wengine. Alirudi mara nne.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Wiki ya mwisho alimwambia binti yake, "Kwenye wasifu msinipambe. Andikeni na ile Jumanne."

"Mama, watu watakuja kukuzika, si kukushtaki."

"Watakuja wengi. Ndiyo nafasi yenyewe."

Alifariki Jumapili tarehe 11 Juni 2023, akiwa na miaka sitini na saba. Ameacha mume, binti mmoja, wana wawili, wajukuu saba na dada yake mdogo. Ameacha pia maneno haya, ambayo ametuagiza tuyasome kwa sauti na tuyachape, pengine yatamfikia anayehusika:

"Mama, mwanao ulimleta kwa wakati. Ufunguo ulikuwa kwangu."

Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.