Udi Niliofukiza Kuficha Mkojo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, mnitie moyo. Mie ni mke wa Yona, karani wa bandarini, mnanijua. Ninachotaka kusema wanawake huwa hatukisemi mbele ya wanaume. Wababa, mtaniwia radhi.

Tulipohamia hapa Temeke kutoka bara nilikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulinikaa siku nyingi, mtoto akatoka amekufa. Tukamzika, nikadhani msiba wangu ndio huo. Kumbe! Tangu pale mkojo ukawa unanitoka wenyewe. Nikikaa unatoka, nikilala unatoka. Nilichana kanga nikajifunga vitambaa, nikivifua naanika uvunguni watu wasione. Ndugu zangu, nilinuka! Mke wa mtu, kijana mbichi, nanuka kama choo.

Mume wangu sikumwambia. Ningeanzia wapi? Nilisema mwili haujapona, nikatandika mkeka wangu peke yangu chumba cha pili. Miezi ikapita. Akinishika mkono, nauvuta. Na nilimtamani, ndugu zangu! Nisameheni kusema hivyo kanisani. Nilimtamani mume wangu, lakini nilijiona si mwanamke tena.

Jirani yangu Mama Zuhura, Mzaramo wa hapahapa, akanifundisha kufukiza nguo udi. Shida yangu hakuijua, alidhani nataka kujifunza mambo ya pwani. Basi mie nikafukiza! Asubuhi udi, mchana udi, nyumba nzima moshi. Maana yake sikuijua. Yona ndiye aliyeambiwa na wenzake kazini kwamba huku pwani mwanamke akijifukiza udi, anamwandalia mwanamume kitanda. Akarudi nyumbani amefura kwa hasira.

"Unamfukizia nani?" akaniuliza. "Mimi hunitaki, na udi unawaka kutwa. Ni nani huyo?"

Nikalia tu. Aibu ilinifunga mdomo. Niliona afadhali niitwe mzinzi kuliko kutamka neno mkojo! Hebu oneni nilipokuwa nimefika.

Akanipeleka mbele ya wazee wa kanisa, akitaka kunirudisha kwetu. Wakaniambia nisimame nijibu. Nikasimama. Palepale, ndugu zangu, ukanitoka! Kanga ikalowa, ukashuka miguuni mpaka sakafuni, wazee wanatazama. Nikaomba ardhi ipasuke initie ndani.

Yona akainuka. Nikajua sasa ananipiga. Akavua koti lake la kazini, akanifunga kiunoni, fundo likamshinda, akalirudia. Akasema, "Wazee, hakuna kesi hapa. Mke wangu ni mgonjwa." Kisha akalia, mwanamume mzima. Bwana apewe sifa!

Yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka hospitali ya misheni. Daktari akasema kibofu kilitoboka wakati wa uchungu, wala hakuna aliyenilaani. Wakanishona. Mara ya kwanza haikushika, nikamlaumu Mungu, sitaki kuwaficha. Mara ya pili ikashika! Nikikohoa sana bado hunitoka kidogo, siwezi kudanganya mbele ya madhabahu. Lakini sasa nalala na mume wangu kitanda kimoja, na nikiguswa sishtuki. Asante, Bwana! Asante kwa mikono ya daktari, asante kwa Yona!

Aibu bado ninayo. Mnaona wenyewe, tangu nianze sijaweza kuinua macho. Ila najua wako dada humu wanaokaa karibu na mlango, wimbo wa mwisho ukianza wanatoka upesi, mtu asije akawasogelea. Simtaji mtu. Dada yangu, mwamini Bwana, na mwambie mtu mmoja tu. Leo wimbo ukianza, usitoke. Njoo ukae na mie benchi moja. Mie pua sitaziba.