Bi Kwanini na Kompyuta ya Pembeni

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba yetu, leo Ijumaa, tarehe thelathini, Bi Kwanini anakabidhi funguo. Jina la utani alipewa na wanafunzi, naye akalipokea kama zawadi, maana haipiti siku bila yeye kuuliza.

Alianza kwa kupanga magazeti, akapanda hadi meza ya kuazimisha vitabu. Kompyuta zilipokuja akapewa chumba chake, kwa kuwa wengine wote walikuwa wanaziogopa. Ukija kutafuta kitabu cha ufugaji, atataka kujua kuku wangapi, wa mayai au wa nyama, na jirani anasemaje kuhusu jogoo. Wapo waliomwita mmbea. Lakini mtu aliondoka na kitabu kilichomfaa, hata kama sicho alichokiomba.

Kisha ikaja ile sheria: kompyuta zote za shule na maktaba zifunge mitandao ya kijamii, la sivyo tukatiwe intaneti. Niseme wazi, mimi ni mama na sheria yenyewe siipingi. Wangu ukimwachia simu, hata njaa anaisahau. Bi Kwanini aliitekeleza kwa bidii ya kupitiliza. Alifunga kila ukurasa wenye nafasi ya kuandika maoni. Kesho yake orodha yetu wenyewe ya vitabu ikatoweka, kwani wasomaji huandika humo maoni yao. Tukashinda tunatafuta vitabu kwa macho, rafu kwa rafu. Alicheka mpaka akavua miwani.

Mmoja hakucheka. Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alikuwa akimtafuta dada yake, waliyepoteana naye tangu utotoni. Wiki iliyotangulia alikuwa ameandika kwenye mtandao mmoja kupitia kompyuta yetu, na mtu akamjibu kwamba anamfahamu. Simu yake ni ya kupiga tu. Jibu la pili lingekuja na kukuta mlango umefungwa.

Bi Kwanini akaketi na sheria nzima, si lile tangazo tulilobandika ukutani. Akamwendea mkuu wetu, akamuuliza: sheria hii inamlinda nani? Watoto. Na mtu mzima je? Wakasoma pamoja, wakakuta mtu mzima mwenye sababu anaweza kufunguliwa, mradi mfanyakazi awepo karibu. Mkuu bado aliwahofia wakaguzi. Bi Kwanini akasema, "Basi andika jina langu, mwanangu. Mambo yakiharibika, niulizwe mimi."

Kompyuta moja ikahamishiwa pembeni. Kila alipokuja yule fundi, Bi Kwanini aliketi ubavuni pake, uso ukutani, mgongo kwenye skrini. Nilimuuliza huo ni ulinzi gani. "Sheria inataka niwepo," akanijibu. "Haijaniambia nisome ya watu."

Na huyu ndiye asiyeweza kupishana na mfuko wa mwenzake bila kuuliza una nini. Tulimwona akiteseka. Fundi akicheka, shingo ya Bi Kwanini inakakamaa. Fundi akilia, anapitisha kitambaa nyuma bila kugeuka. Hakuuliza hata siku moja.

Asante, Bi Kwanini, kwa kazi, na kwa kutushikia watoto likizo zilipotukuta hatuna pa kuwaacha. Nenda ukapumzike, ulale mchana, uwahoji majirani mpaka wakukimbie. Heri na afya ziwe nawe.

Ila kabla hujaondoka: safu ya tatu, kando ya fundi, ameketi mama mwenye kilemba cha kijani. Alikuwa njiani tangu juzi. Leo geuka, uulize chochote.