Dakika Hamsini za Madam Mideva

Baada ya miaka ishirini na mitatu kwenye kaunta ya ofisi yetu ya tiketi za ndege hapa Kawangware 46, Nairobi, Madam Rose Mideva anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ndiye mdogo ofisini na sijui kukataa.

Alianza enzi za tiketi za karatasi, na umbali wa viwanja vyote vya ndege anao kichwani. Ukimwuliza Nairobi hadi Kisumu, haangalii kompyuta: kilomita mia mbili themanini hivi, dakika hamsini. Mteja asipoelewa, humpimia muda kwa jiko. Kisumu ni kuku wa broila. London ni maharagwe yasiyolowekwa, halafu makaa yakuishie katikati.

Jiko hilo lilimletea shida mara moja. Osewe, fundi wa viatu wa Laini Saba kule Kibera, alikuwa anaenda kumwona mama yake Siaya, ndege yake ya kwanza. Kabla hata ya kufunga mkanda akapiga simu nyumbani: kuku awekwe jikoni. Ndege ilifika sawa kabisa. Lakini kutoka uwanja wa Kisumu hadi kwao ni mwendo mwingine, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, akachelewa sana. Jumatatu alikuwa hapa kaunta.

"Madam, ulisema dakika hamsini. Nimekula kuku kwa kijiko."

"Osewe, mimi nilikuuzia ndege. Barabara ya kwenu sikukuuzia."

"Na mathe wangu kule Siaya anaambia kijiji kizima ati ndege yangu ilipata pancha."

Tangu siku hiyo, kila mteja huandikiwa kwa kalamu muda wa mlango hadi mlango: foleni, ukaguzi, kuvua mshipi, boda, hata kusalimia majirani. Hakuna kompyuta inayojua hayo. Wateja huja kutoka mbali kama Kibera kuyafuata, Osewe akiwa wa kwanza.

Sasa niungame. Mwezi uliopita nilitafuta jina lake kwenye mfumo, nikakuta Madam hajawahi kupanda ndege. Hata moja. Ofisi imempa kiti mara tatu, na mara zote tatu alishikwa na mafua. Niliona aibu kama mtu aliyesoma barua isiyo yake, lakini nikamwambia meneja wetu, Bwana Wanzala. Ndiyo maana zawadi yake leo ni tiketi ya Kisumu, ya jioni hii, akirudi kwao Vihiga kupumzika.

Jana aliniita kando. "Lavender, mimi naogopa juu," akasema polepole, yeye ambaye huita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Mafua, nadhani, yalikuwa njiani. Mwishowe akakubali kwenda kwa sharti moja: asikae dirishani. Ameniruhusu niandike haya, mradi nisiyasome kwa sauti.

Asante, Madam, kwa kunifundisha kazi bila kunigombeza mbele ya watu. Sisi sote wa kaunta tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na majirani wazuri.

Na kwa vile siwezi kukuambia uso kwa uso: nimekuwekea dirishani. Kiti cha kando yako ni changu, Bwana Wanzala amekubali nikusindikize. Mimi pia sijawahi kupanda. Ukiogopa, fumba jicho moja. Mimi nitafumba yote mawili, na wewe utakuwa unaniambia tumefika wapi.