Mbebaji wa Sita wa Alojz

Asubuhi ya mazishi ya mume wangu nilimaliza sala, kisha nikafungua dirisha la kahawa kama siku zote, kwa sababu mikono isiyo na kazi huniliza. Dirisha langu liko ubavuni mwa uwanja wa barafu, na chini yake kuna benchi. Hapo hukaa watatu wale wale, theluji ianguke isianguke, kila mmoja na glasi yake ya kahawa ambayo machicha yametuama chini. Kipenga alikuwa refa. Rolba aliendesha rolba, ile mashine ya kulainisha barafu, nayo ikampa jina. Kinanda hupiga kinanda kanisani, na zamani alipiga uwanjani pia kila timu ilipofunga goli, na si mara moja aliwachanganyia watu nyimbo. Siku hiyo walikuwa na jambo moja tu. Kwetu mchezaji wa hoki hubebwa na wenzake sita waliovaa jezi pamoja naye. Alojz wangu, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa kipa miaka mingi, lakini wabebaji waliopatikana walikuwa watano. Wa sita angekuwa Cyril Hudák, naye hakuwa ameonekana. Bila yeye, Alojz angesukumwa hadi kaburini juu ya kigari cha magurudumu, jambo aliloniomba kitandani nisilikubali. "Valéria," alisema, "mimi si gunia la viazi."

— Cyril haji, alisema Kipenga. Ana kinyongo. Hata mimi ningekuwa yeye nisingekuja.

— Kinyongo gani, bwana? aliuliza Rolba. Yule hana kinyongo hata na mbu.

— Wewe ulikuwa juu ya mashine yako, utajua nini? Kipa akifanya kosa hatoki golini. Mwenzake ndiye anayekwenda kukaa kwenye kizimba cha adhabu badala yake. Sasa Alojz na fimbo yake ile! Kila aliyepita karibu na goli alichapwa miguu kama mbuzi aliyeingia shambani. Mimi napuliza. Kocha ananyoosha kidole. Kwa nani?

— Kwa Cyril, alijibu Kinanda.

— Kwa Cyril! Kila siku kwa Cyril! Kijana wa watu ameliwa ujana wake kizimbani kwa dhambi zisizo zake.

— Kama Bwana wetu, alisema Kinanda, akavua kofia.

— Bwana wetu siku ya tatu alitoka. Cyril alikaa mpaka goti likaota kutu.

Nikafanya ishara ya msalaba, nikawaongezea maji ya moto.

— Na alikuwa mkali yule! alisema Rolba. Alishuka hapa kutoka milimani na viatu vya barafu vya mjomba wake, ndani vimeshindiliwa magazeti. Mwaka haujaisha, yuko timu ya vijana ya taifa. Barafu nikiilainisha mimi, yeye anaikata kama siagi.

— Na yule mtafuta vipaji kutoka Prague? alisema Kipenga. Kapanda treni kutwa nzima aje amwone. Mechi inaanza tu, Alojz kachapa mtu. Cyril ndani. Cyril anatoka, Alojz kachapa mwingine. Cyril ndani tena. Yule bwana akarudi Prague akawaambia wenzake, "Kule kuna kijana anakaa vizuri sana."

Walicheka mpaka benchi likalia. Mimi nami nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

— Ndiyo maana akaenda kucheza Poland, na baadaye Austria, alisema Kinanda. Mchumia juani hulia kivulini.

— Kivuli gani? Austria alivunja goti!

— Basi alilia. Methali haikosei.

Rolba alisogeza glasi yake, akainama kama mtu mwenye siri.

— Niwaambie ukweli? Cyril hakukaa kwa ajili ya Alojz hata siku moja. Kizimba kilitazamana na viti vya wake za wachezaji. Na pale mbele alikuwa anakaa nani? Valéria! Mtu anakwenda kizimbani anatabasamu, nyie hamjiulizi?

— Rolba, nikamwambia, mimi nipo hapa.

— Ah, shemeji! Nilikuwa namsema Valéria mwingine.

— Mji huu una Valéria mmoja, naye ndiye anayekukorogea kahawa.

— Basi yaishe, shemeji. Kimya kingi kina mshindo.

— Nyote mnatapatapa, alisema Kinanda. Yule mtu alizaliwa pacha. Jina lenyewe si linasema? Nani amewahi kuona Cyril asiye na Metod? Watakatifu wale ni ndugu, hata kwenye kalenda wanakaa siku moja. Metod ndiye aliyekuwa anakaa kizimbani. Cyril mwenyewe yuko milimani anateleza na wasichana. Leo wameshindwa kukubaliana nani aje.

— Na huyo Metod yuko wapi?

— Ndiyo hapo sasa! Nani aliwahi kumwona? Kikulacho ki nguoni mwako.

— Acha kutupiga kamba, alisema Kipenga. Basi nitabeba mimi.

— Refa? Rolba aliruka. Refa ambebe Alojz? Atafufuka akuchape miguu!

— Beba wewe, basi.

— Mimi nina ngiri. Na sijavaa jezi hata ya kulalia.

— Kinanda?

— Nikibeba mimi, nani atapiga kinanda?

Hapo gari jeusi la mazishi likasimama mbele yetu. Dereva alikuwa mgeni, kijana mpole wa mji wa jirani. Alivua glovu, akanipa pole, akaomba kahawa. Kisha akauliza kama akishushe kigari.

Nilitazama mlango wa nyuma wa lile gari. Ndipo wale watatu wakaanza kumweleza kwa pamoja: kizimba, Prague, goti, Metod. Kuhusu viti vya wake za wachezaji Rolba alikohoa tu. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza kahawa yake.

— Samahani, wazee wangu. Huyo Cyril mlikwenda kumwomba?

— Kumwomba? alisema Kipenga.

— Ndiyo. Nani alikwenda kumwomba?

Rolba alimtazama Kinanda. Kinanda alitazama machicha ya kahawa.

— Cyril haombwi, kijana, alisema Kinanda mwishowe, kwa sauti ndogo. Cyril ananyooshewa kidole.

Nami nilikuwa sijakwenda. Nikavua aproni, nikajifunga kitambaa cheusi, nikamwambia dereva kigari kibaki garini.

Cyril anakaa nyuma ya stesheni. Nilibisha, akafungua mara moja. Alikuwa amevaa suti nyeusi, amenyoa, na viatu vyake vinang'aa.

— Tumsifu Yesu Kristo, Cyril.

— Milele, amina, shemeji.

— Nimekuja kukuomba umbebe Alojz.

Alishika mlango, akahamishia uzito kwenye mguu mzima.

— Sema tena, shemeji.

— Umenisikia.

— Nimesikia. Ila sema tena.

Nikasema tena, polepole, neno baada ya neno. Akachukua kofia yake, akafunga mlango, akanishika mkono kwa sababu ya barafu.

— Nishike upande gani?

— Upande unaoutaka mwenyewe, Cyril.

Akalifikiria hilo njia nzima, mpaka kanisani.