Baragumu la Mzee Mhina na Matokeo ya Edna

Mgeni rasmi wetu Profesa Semboja, ambaye ndiye Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, walimu wetu, wazazi, nanyi wageni wa Kwamgunda mliokataa katakata kukaa mbele: karibuni Korogwe.

Risala hii inasomwa na Edna Kasmiri wa mwaka wa tatu. Inamhusu yeye mwenyewe, na jana alitaka kufuta sehemu zinazomsifu. Tumemnyang'anya kalamu. Atasoma kama ilivyo.

Karibu

Mgeni rasmi, kiti ulichokalia ni cha mfalme wa mchezo wa mwaka juzi. Mguu wa kushoto umegongwa misumari leo asubuhi. Tafadhali usiegemee.

Historia ya msimu

Msimu huu tulipanga michezo mitatu. Wa kwanza tuliupeleka Hale. Fundi wetu Yordani akaunganisha nyaya anavyojua yeye, ukasikika mlio, paa! Kipaza sauti kikafa papo hapo. Tukaigiza kwa kupayuka, na bwawa la umeme tunaliona. Chanika tukapayuka tena, mpaka Deogratius, aliyekuwa bwana harusi, akaoa kwa ishara.

Tulipofika Kwamgunda, kijiji cha njia ya Sindeni, hatukuwa na kipaza sauti wala sauti. Edna akasema, "Jamani, si kuna mzee mwenye baragumu? Tumwombe atuitie watu." Tukamwona ana akili. Mzee Mhina alituuliza mara mbili, "Wajukuu zangu, nilipige kweli?" Tukamwambia piga, babu. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini anauliza.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pale Kwamgunda baragumu lile halilii ila kuita mkutano mkuu wa kijiji. Watu wakaacha majembe wakaja. Mtendaji, ndugu Muhsin, akaja na daftari la mahudhurio na mhuri. Sisi tukafurahi, eti watazamaji wanasaini! Hatujawahi kupata watazamaji wenye adabu vile.

Mafanikio

Mchezo wenyewe ulihusu mkutano wa kijiji. Edna, ndani ya koti la marehemu babu yake, mkata mkonge, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na wanakijiji wakadhani ametumwa kutoka wilayani. Akauliza kama ilivyoandikwa, "Kuna mwenye kero?" Aliyepaswa kujibu ni mwenzetu Grasiana. Masikini, hakupata nafasi. Katikati ya watazamaji alisimama Bibi Tatu na ndoo yake tupu.

"Kero ni hii, mwenyekiti. Kisima kina kufuli, ufunguo uko mfukoni mwa Sabiri, na Sabiri anashinda Handeni mjini. Sisi tunywe kufuli?"

Hapo Edna alisahau maneno yote aliyokariri. Angeweza kucheka na kusema, bibi, haya ni maigizo tu. Akaitazama ile ndoo, akaona aibu kulisema hilo. Akauliza, "Wanaotaka ufunguo ukae kwa Bibi Tatu?" Ikanyooka mikono mia mbili na kumi na nne. Mzee Sabiri, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwepo siku hiyo, na baragumu lile analiheshimu kuliko sisi. Akautoa ufunguo mwenyewe. Muhsin akagonga mhuri.

Tangu hapo kisima kinafunguliwa alfajiri. Idara nyingine zimetoa ripoti. Sisi tumetoa maji.

Changamoto

Baadaye Mzee Sabiri alipata habari kuwa yule mwenyekiti ni binti wa maigizo. Akaja chuoni analalamika, "Nimepinduliwa na koti!" Chuo kikazuia matokeo ya Edna mpaka aandike barua kwamba mkutano ule ulikuwa mchezo na maamuzi yake hayana nguvu.

Barua yenyewe ni mistari miwili. Huu ni mwezi wa nne hajaiandika, na si kwa kiburi. Akiiandika, ufunguo unarudi mfukoni, na mfuko unarudi mjini. Mama yake amemwambia, "Mwanangu, andika tu yaishe, mimi nataka kukuona ndani ya joho." Edna alilia sana siku ile, na bado hakuandika. Tunamwomba asilie na hapa, kurasa hazijaisha.

Ombi

Tulitaka kuomba taa, mapazia na kiti kipya. Tumevifuta vyote. Tunaomba Edna apewe matokeo yake, bila barua.

Na sasa, mgeni rasmi, tukiri dhambi. Ulipokuwa unaingia lililia baragumu, ukalipigia makofi na kutupungia mkono. Halikuwa la kukukaribisha. Mpigaji ni Mzee Mhina, yule pale mlangoni, na safari hii hakutuuliza mara mbili. Kile ulichosaini ukidhani ni kitabu cha wageni ni daftari la ndugu Muhsin. Wewe ni mhudhuriaji namba nane.

Akidi imetimia. Wanaotaka Edna apewe matokeo yake, wanyooshe mikono juu. Edna, wewe soma, kuhesabu mwachie mtendaji.

Mgeni rasmi, tunakusubiri wewe tu. Nyoosha taratibu, kile kiti hakijapona.

Mwenyezi Mungu akujalie afya njema, safari salama, na mkono usio mzito kunyanyuka.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Idara ya Sanaa za Maonyesho,
Chuo Kikuu cha Bonde la Lwengera, Korogwe,
pamoja na wanakijiji wa Kwamgunda, ambao mikono yao tayari iko juu.